Kupeleka dawa nyumbani bure: mpaka uwekwe wapi?

Swali: Shikamoo, mfamasia. Nina famasi Ngamiani, Tanga. Mwaka 2020, wakati wa korona, tulianza kuwapelekea wateja dawa nyumbani bila malipo, na tangu hapo hatukuacha. Sasa tunapata oda 25 hadi 30 kwa siku. Nyingi hazifiki shilingi 5,000, na wengine wanapiga simu kutoka Pongwe wakitaka vidonge kumi vya paracetamol. Kila safari namlipa bodaboda shilingi 1,500, na kwa walio mbali namlipa zaidi. Mtoa dawa wangu anashinda kwenye simu huku watu wamepanga foleni kaunta. Nataka kuweka kikomo, lakini naogopa kupoteza wateja, na zaidi namfikiria mzee mmoja wa Barabara ya 14, asiyeona, mwenye presha na sukari, ambaye dawa zake za mwezi mzima hazizidi shilingi 9,000. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi kwamba hukuishia kwenye hasara, bali ulimkumbuka na yule mzee. Wengi wanaoniuliza jambo hili huanzia kwenye fedha na kuishia huko huko, na ushauri wanaoutafuta ni tarakimu moja tu: mteja anunue kwa shilingi ngapi ndipo apelekewe bure. Nitakueleza kwa nini naona kwamba tarakimu hiyo, ikisimama peke yake, ni mpaka mbaya kwa famasi, na kwa nini ni afadhali uanze kwa kumtazama mgonjwa asiyeweza kufika kaunta, na aina ya dawa anayoitumia, kisha fedha zifuate nyuma.

Hata hivyo tuanze na hesabu, maana bila hesabu utakuwa unakisia. Kabla hujatangaza chochote, tafuta daftari jipya, na kwa wiki mbili andika kila safari: mtaa gani, dawa gani, thamani yake, oda iliingia saa ngapi na ikafika saa ngapi, na kwa nini mteja hakuja mwenyewe. Hilo la mwisho wenye famasi wengi hawaliandiki, nalo ndilo lenye maana kuliko yote. Aliyelala kitandani, aliyejifungua juzi, aliyefungwa plasta mguuni, anayemuuguza mama yake peke yake na hana wa kumwachia, aliye kazini mpaka jioni, na aliyezoea tu kuletewa, wote hao leo wanaonekana sawa kwenye kumbukumbu zako, kwa kuwa kilichoandikwa ni jina na bei. Mtoa dawa aulize kwa upole, “Kuna anayeweza kuzipitia hapa leo?”, na aandike jibu kama lilivyo. Nina hakika kwamba baada ya wiki mbili hizo utashangaa jinsi wasioweza kabisa kufika walivyo wachache, na jinsi wachache hao walivyokuwa wakisubiri muda mrefu kwa sababu bodaboda yuko Pongwe na vidonge kumi.

Sasa tuchukue mfano kwa bei zako. Tuseme unaongeza asilimia 25 juu ya bei uliyonunulia. Oda ya shilingi 4,000 uliinunua kwa 3,200, kwa hiyo inakuachia 800. Bodaboda anachukua 1,500. Umetoa 700 mfukoni mwako kabla hujahesabu pango, umeme wa friji, mishahara na kodi. Kwa faida ya namna hiyo, oda inayosafiri peke yake inaanza kujilipia nauli ikifika 7,500, na hapo wewe bado hujapata kitu. Lakini angalia kinachotokea oda tano za upande mmoja wa mji zikienda katika mzunguko mmoja, ambao bodaboda anakubali kuufanya kwa 4,000. Nauli ya kila oda inashuka hadi 800, na ile oda ya 4,000 iliyokuwa ikikuumiza sasa inajilipia. Hujamkataza mteja yeyote, hujapandisha bei ya dawa yoyote. Umebadilisha saa tu.

Kwa hiyo kikomo chako cha kwanza kiwe cha muda. Weka mizunguko miwili kwa siku, kwa mfano saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na oda zifungwe saa moja kabla ya kila mzunguko, ili mfamasia apate nafasi ya kuzipitia zote kwa utulivu badala ya kufungasha huku anapokea simu. Anayeagiza saa nne na nusu aelezwe waziwazi kwamba dawa yake itatoka saa kumi, na kwamba akiihitaji kabla ya hapo anaweza kumtuma mtu, au kulipa nauli ya safari yake peke yake. Mwezi wa Ramadhani usogeze mzunguko wa jioni uwe mapema, kwa sababu kijana wa pikipiki naye anataka kufuturu kwake, na mgonjwa wa sukari anayefunga baada ya kushauriana na daktari wake anahitaji dawa ziwe mkononi kabla ya magharibi. Masika nayo usiipange kama kiangazi: njia za ndani zikijaa maji, mzunguko mmoja uliopangwa vizuri ni bora kuliko miwili inayochelewa.

Utaniuliza kuhusu dharura. Hapa naomba uwe mkali, hata na nafsi yako. Mtu akipiga simu akisema mtoto ana degedege, au hawezi kunyonya, au anatapika kila anachopewa; mtu mzima akisema kifua kinambana na jasho linamtoka; mjamzito akisema anatoka damu: huyo hahitaji pikipiki yenye dawa, anahitaji kupelekwa hospitali sasa hivi. Kumpelekea dawa haraka kunamchelewesha, kwa sababu familia nzima itakaa kusubiri mlango ubishwe. Anayepokea simu awe na karatasi ya dalili hizi za hatari imebandikwa mbele yake, na aruhusiwe kusema “hatuleti, mpelekeni hospitali” bila kukuuliza wewe kwanza. Hicho nacho ni kikomo cha huduma yako, na pengine ndicho kitakachookoa mtu.

Sasa nirudi kwenye ile tarakimu. Duka la nguo likisema “nunua kwa shilingi 30,000 tukuletee bure”, mteja ataongeza fulana moja ili afike, na hakuna aliyedhurika. Famasi ikisema hivyo, mteja mwenye oda ya 22,000 ataongeza nini? Nimeona wanachoongeza: dozi ya antibayotiki ya kuweka akiba nyumbani, dawa ya maumivu ya aina nyingine yenye kemikali ile ile ya ile aliyoichukua, chupa ya dawa ya kikohozi kwa mtoto ambaye hakohoi. Tangazo lako litakuwa limemsukuma mgonjwa kununua dawa asiyoihitaji, na hilo ni kinyume cha kazi tuliyosomea. Tena kiwango cha chini humwangukia vibaya yule yule unayemwogopea. Dawa za presha na sukari ambazo wazee wetu wengi wanatumia ni za bei nafuu, na hilo ni jambo jema, lakini maana yake mzee wa shilingi 9,000 atatolewa kwenye huduma, na atakayebaki ni kijana mwenye gari aliyeagiza losheni na nepi. Ukitaka kuweka kiwango cha chini, kiweke kwa bidhaa zisizo dawa: nepi, sabuni, losheni, mafuta ya nywele, maziwa ya unga. Kwenye dawa usikiweke kabisa.

Zipo pia dawa ambazo hazipaswi kusafiri hata kama mteja analipa nauli mara tatu. Dawa zenye udhibiti maalumu, kama diazepam na tramadol, zikabidhiwe kaunta, mkononi mwa mgonjwa au mlezi unayemfahamu, baada ya mfamasia kukiona cheti halisi cha daktari. Picha ya cheti kwenye WhatsApp haitoshi, kwa sababu picha hiyo hiyo inaweza kutumwa kwenye famasi tano kwa siku moja, na kila moja ikadhani ni yenyewe tu. Antibayotiki na dawa nyingine zinazohitaji cheti unaweza kuzipeleka, mradi mfamasia amekisoma cheti na kuzungumza na mgonjwa kwa simu, na kijana arudi na cheti chenyewe, au akione kabla ya kukabidhi. Anayeagiza dawa mseto kwa sababu “anaisikia malaria” asipelekewe kabla ya kipimo. Mwongozo wa matibabu nchini unataka mgonjwa apimwe kwanza, na bodaboda hapimi. Dawa ambayo mgonjwa anaanza kuitumia kwa mara ya kwanza ningependa aje aichukue mwenyewe, au aje anayemhudumia, angalau mara hiyo moja, kwa kuwa maelezo ya kuvuta dawa ya pumu au kujichoma insulini hayaingii kwenye bahasha.

Nimetaja insulini, na Tanga si mji wa baridi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikisafiri kwenye boksi jeusi la pikipiki saa nane mchana, ikazungushwa mitaa saba kabla ya kufika, mgonjwa atapokea chupa inayoonekana nzima, ataandika kwenye daftari kwamba amechoma, na sukari itaendelea kupanda bila yeye wala daktari wake kujua sababu. Kwa hiyo sheria yako iwe moja: hakuna insulini bila kibegi cha baridi, na yenye insulini ifikishwe kwanza kabla ya nyingine zote. Wafundishe wanaofungasha kwamba chupa isigusane na barafu moja kwa moja, bali pakiti ya barafu izungushiwe kitambaa, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika sawa na iliyopikwa na jua. Dawa za kuweka sehemu za siri au njia ya haja kubwa nazo huyeyuka kwenye joto. Antibayotiki za maji za watoto, zile zinazokuja zikiwa unga, zipeleke zikiwa unga, maana siku za matumizi yake huanza kuhesabiwa tangu maji yanapotiwa. Mpigie mama wakati chupa iko mkononi mwake, umwambie atumie maji yaliyochemshwa yakapoa, atie nusu kwanza, atikise mpaka unga uachane na kitako cha chupa, kisha ajaze hadi kwenye alama. Simu hiyo inachukua dakika tatu. Ukiona huna dakika tatu kwa kila mama, ujue oda zimezidi uwezo wako wa kuzihudumia, hata kama nauli unaimudu.

Niseme na lililotupata sisi wenyewe, maana ndilo lililonibadilisha. Miaka kadhaa iliyopita, katika famasi niliyokuwa nikiisimamia, tulikuwa na wateja wawili katika mtaa mmoja, wanawake wote wawili, na wote wakiitwa kwa jina la mtoto lile lile, mama fulani. Mmoja alitumia dawa ya presha, mwingine alitumia glibenclamide ya sukari. Siku hiyo tulikuwa na oda nyingi, bahasha ziliandikwa jina hilo la mama fulani peke yake, na kijana alipouliza mtaani akaonyeshwa nyumba ya kwanza. Mama wa presha akameza dawa ya kushusha sukari siku mbili, na sukari yake ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo. Alikutwa na binti yake asubuhi akitetemeka, jasho limemlowesha, maneno hayaeleweki. Alipona, namshukuru Mungu, kwa sababu binti alikuwa na akili ya kumpa maji ya sukari na kumkimbiza hospitali. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, na alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tulipoyapitia yaliyotokea, hatukumkuta mtu mzembe. Tulikuta huduma ya bure isiyo na kikomo, imepokea oda kuliko macho yaliyokuwepo ya kuzikagua.

Tangu hapo sikubali bahasha itoke bila majina matatu ya mgonjwa, mwaka wake wa kuzaliwa na namba ya simu, na kijana haachi dawa mpaka anayepokea ameyataja hayo mwenyewe. Asiulizwe “Wewe ndiye fulani?”, kwa kuwa mtu mwenye homa huitikia jina lolote. Dawa isiachwe kwa mtoto, wala kwa jirani, wala kwa muuza genge wa nje. Mteja asipopatikana, ikirudi irudi siku hiyo hiyo na iandikwe. Ile iliyokwisha kukabidhiwa ikakaa kwa mteja, hata siku moja tu, isirudishwe rafuni kuuzwa tena, kwa sababu hujui ilikaa wapi.

Huyo kijana naye anahitaji mipaka, na hapa ndipo naona famasi nyingi zinakosea. Mtaani wanamwita dokta, kwa sababu anakuja na dawa. Wanamwonyesha kidonda, wanamuuliza kama kidonge hiki kinywewe na maziwa, wanamwambia arudishe hiki alete kile. Kijana mwema atajibu, kwa kuwa anataka kusaidia. Mfundishe jibu moja tu: apige simu famasi na kumpa mteja simu mkononi. Mfundishe pia kunyamaza. Anajua nani anatumia dawa gani katika kila nyumba ya mtaa ule, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Bahasha zifungwe zisisomeke kwa nje, na orodha ya siku irudi famasi jioni, isibaki kwenye mfuko wa koti. Ndiyo sababu ningekushauri uache kutumia bodaboda yeyote aliye karibu, uwe na mmoja au wawili wanaojulikana, uliokubaliana nao kwa maandishi. Ukimwajiri kabisa, msajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama wengine wote, kwani barabarani ndiko anakoshinda.

Kuhusu umbali nitasema machache. Wateja hawapimi kilomita, kwa hiyo usiandike kilomita. Andika majina ya mahali. Barabara za Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni ziwe ndani ya mzunguko. Raskazone na Sahare zipewe siku zao maalumu kwa wiki. Pongwe iko nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Muheza, na kwa mahitaji ya paracetamol mwelekeze mteja kwenye duka la dawa muhimu au famasi iliyo karibu naye, kwa moyo mweupe, maana kumwelekeza si kumpoteza. Usikubali ile njia ya kumkabidhi konda wa daladala kifurushi ili mteja akipokee kituoni. Inafaa kwa viatu. Kwa dawa, hujui itakaa juani muda gani, wala itashuka mkononi mwa nani.

Sasa nani apelekewe bure daima? Hapa fungua daftari la pili, la wagonjwa wa nyumbani. Waingie wasioweza kutembea, wasioona, waliotoka kufanyiwa upasuaji, mama katika siku 40 za uzazi ikiwa hana msaidizi, wazee wanaoishi peke yao, na anayemuuguza mtu asiyeweza kuachwa. Anayeamua nani aingie awe mfamasia, kwa sababu za kiafya, na asiwe anayepiga kelele zaidi kwenye simu wala jamaa wa mwenye duka. Lipitie daftari hilo kila baada ya miezi mitatu: plasta hutolewa, mtoto hukua, na wakati huo huo mtaani kuna aliyeanguka ambaye hajui kwamba huduma ipo. Hawa wasilipe nauli, kiasi chochote watakachonunua.

Kisha wapunguzie safari bila kuwapunguzia dawa. Mgonjwa mmoja anatumia dawa tatu, na kila moja inakwisha tarehe yake, kwa hiyo unamwendea mara tatu kwa mwezi. Mpe mara moja tu vidonge vichache vya nyongeza kwa zile zinazotangulia kuisha, ili zote zikutane tarehe moja, na tangu hapo utamwendea mara moja. Kama ana mwenzake ndani ya nyumba, ziunganishe na za mwenzake. Na kama hali yake imetulia na cheti kinaruhusu, mpe za miezi miwili kwa pamoja. Kliniki za CTC, zinazohudumia wanaoishi na VVU, zimekuwa zikiwapa wateja walio imara dawa za miezi mitatu hadi sita, na jambo hilo limewaondolea safari wao na watumishi. Hesabu ya kuoanisha tarehe ni ya asubuhi moja kwa wagonjwa kumi, na kwa maoni yangu itakuokolea nauli kuliko tangazo lolote.

Wanaobaki, yaani wanaoweza kuja ila wanapendelea kuletewa, walipe nauli halisi, na ionekane kwenye risiti kama nauli. Usiifiche ndani ya bei ya dawa. Ukiificha, yule bibi anayekuja kwa miguu na fimbo yake mpaka kaunta ndiye atakayemlipia nauli mtu aliyekaa nyumbani. Nauli ilipwe pamoja na dawa kwa Lipa Namba kabla kijana hajaondoka, ili asitembee na fedha na wewe usirudishiwe oda alizozikataa mtu mlangoni. Usione aibu kutoza. Nchini Uingereza, ambako mfumo wa umma unazilipa famasi kwa kutoa dawa za vyeti, kupeleka nyumbani hakumo katika wajibu wa kawaida wa famasi unaolipiwa na serikali. Wakati wa korona serikali ililipia kwa muda kuwapelekea waliotakiwa kujitenga, na kabla ya hapo, mwaka 2019, Boots, kampuni kubwa ya famasi ya huko, ilikwisha kutangaza kutoza pauni 5 kwa kila safari. Duka moja la Ngamiani haliwezi kubeba peke yake mzigo ambao kampuni ya ukubwa ule iliutua.

Tangazo litoke wiki nne kabla, na lisianzie ndani ya Ramadhani wala kileleni mwa masika. Kabla halijabandikwa, wapigie wagonjwa wa nyumbani mmoja mmoja uwaambie kwamba kwao hakuna kinachobadilika, la sivyo watalisikia kwa majirani na kuacha kuagiza kwa kudhani wameondolewa. Maneno yawe machache na yaseme sababu. Mimi ningeandika hivi: “Kuanzia tarehe 1, dawa zitapelekwa nyumbani saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wagonjwa wasioweza kufika, waliosajiliwa kwetu, wataendelea kupelekewa bure. Wengine watachangia nauli kulingana na mtaa. Tumefanya hivi ili kila dawa ikaguliwe na mfamasia kabla ya kutoka. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa asiyeweza kufika, tuambie tumsajili.” Sentensi ya mwisho usiiache, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha msomaji kwamba huduma haifungwi.

Wapo watakaokasirika. Mteja wa siku nyingi atakwambia, “Miaka yote mnaniletea, leo nimekuwa mgeni?” Usibishane naye na usimpe msamaha wa siri, kwa kuwa kesho mtaa mzima utaujua. Mwambie, “Hujawa mgeni, ndugu yangu. Nikikuletea wewe peke yako saa hii, kuna mgonjwa wa kitandani atakayesubiri mpaka jioni. Mzunguko wa saa kumi nitakuweka wa kwanza.” Kisha umweke wa kwanza kweli. Baadhi wataondoka, na wengi wa watakaoondoka, kwa hesabu tuliyoifanya pale juu, kila oda yao ilikuwa inakutoa shilingi 700. Mtoa dawa wako naye atabaki kaunta, mbele ya watu waliopanga foleni, ambao nao ni wagonjwa na hawakupiga simu.

Kuhusu mzee wa Barabara ya 14, jina lake liwe la kwanza kwenye daftari la wagonjwa wa nyumbani. Safari ya kwanza ya utaratibu mpya nenda wewe mwenyewe, usimtume kijana. Kaa naye, umwombe akuletee dawa zote alizonazo ndani, maana kwa mtu anayeletewa bila kuonwa utakuta chupa za zamani zimechanganyika na mpya, na pengine dawa moja yenye majina mawili. Ziondoe zilizokwisha muda. Zinazobaki zitie kwenye chupa za maumbo tofauti, ya asubuhi uifunge mpira mmoja shingoni, ya jioni miwili, kisha umpe azishike na akuambie kwa vidole vyake ipi ni ipi, mara tatu, bila wewe kumsaidia. Akikosea hata mara moja, badilisha alama, mjaribu tena. Kijana wa pikipiki awepo aone, kwa sababu mwezi ujao yeye ndiye atakayezifunga mipira hiyo mlangoni kabla ya kumkabidhi.